Tölt: Mwendo Laini Uliovushwa Bahari na Waviking

Farasi wa Iceland akishika mwendo uitwao tölt, kila mguu hutua kwa zamu yake: wa nyuma kushoto, wa mbele kushoto, wa nyuma kulia, kisha wa mbele kulia. Miguu yote minne haiachi ardhi kwa pamoja, kwa hiyo mpandaji hatupwitupwi hata kasi inapoongezeka. Farasi wengi wa jamii nyingine wakiharakisha huenda matiti: miguu hutua miwili miwili kwa mshazari, na kila kishindo humfika mtu kiunoni.

Mwaka 2012, timu ya Leif Andersson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ilieleza chanzo cha tofauti hiyo: badiliko la herufi moja tu katika jeni ya DMRT3, inayohusika na seli za uti wa mgongo zinazoratibu miguu. Badiliko hilohilo lilikutwa kwa Paso Fino, Paso wa Peru na Tennessee Walker wa Marekani.

Miaka minne baadaye, watafiti wa Ujerumani walipima mabaki ya farasi wa kale. Walilikuta badiliko hilo la jeni kwa farasi wawili wa York, Uingereza, wa kati ya mwaka 850 na 900, na kwa farasi 10 kati ya 13 wa Iceland wa enzi za Waviking. Kwa farasi wa Skandinavia wa wakati huo hawakulikuta. Yaelekea Waviking waliwatwaa farasi hao Uingereza, wakawavusha bahari na kuwazalisha kwa makusudi.

Barani Ulaya, barabara zilipoboreka na magari ya kukokotwa yakaongezeka, farasi wa matiti akapendwa zaidi, na mwendo laini ukafifia. Iceland, nchi ya mito na miamba ya volkano, haikuwa na barabara za magurudumu za maana hadi mwishoni mwa karne ya 19. Mkulima na kasisi walisafiri juu ya tandiko, na farasi asiyechosha mwili ndiye aliyechaguliwa kuzaa.

Leo sheria ya Iceland hairuhusu farasi kuingizwa nchini, na anayetoka harudi. Lakini ulinzi wa kwanza ulikuwa wa wafugaji wasiojua lolote kuhusu jeni, waliochagua kwa kupanda na kuhisi, kizazi baada ya kizazi. Hiyo nayo ni elimu, na yastahili heshima sawa na ile ya maabara iliyokuja kuithibitisha.