Chuo cha Meno ni Mali ya Nani?

Msomaji, huenda umewahi kukesha usiku kucha kwa maumivu ya jino. Kama umeyaonja, wajua kwamba maumivu hayo hayana heshima kwa cheo cha mtu. Tajiri na maskini, mwalimu na mwanafunzi, wote hushika shavu wakangoja kuche. Lakini kunapopambazuka, njia zao huachana: mmoja huenda kwa daktari, na mwingine hutafuta mtu yeyote mwenye koleo. Katika kuachana huko ndimo limo swali la habari hii. Je, ujuzi wa kutibu meno ni mali ya nani?

Hapo kale, katika nchi za Ulaya na Marekani, kazi hii haikuwa na chuo. Vinyozi waling'oa meno, na wahunzi pia. Wengine walizunguka masokoni wakijisifu kwa sauti kubwa ili kilio cha mgonjwa kisisikike. Kijana aliyetaka kujifunza alijiweka chini ya fundi, akamlipa, akatazama. Fundi akiwa stadi, mwanafunzi alipata ustadi. Fundi akiwa mjinga, alirithi ujinga.

Mwaka 1840 mambo yalianza kubadilika. Katika mji wa Baltimore, madaktari wawili, Horace Hayden na Chapin Harris, walipewa hati na baraza la kutunga sheria la jimbo la Maryland wafungue chuo cha udaktari wa meno. Hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza duniani kutoa shahada ya kazi hiyo. Wanafunzi wa kwanza walikuwa watano tu, na mwaka 1841 wakahitimu wawili. Usiucheke uchache wao, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Vyuo vikaongezeka, lakini vingi vilikuwa mali ya watu binafsi na viliishi kwa karo. Hapo ndipo pakazuka hatari. Chuo kisicho na pato jingine hushawishika kumpitisha hata asiyefaa, maadamu amelipa. Wako hata waliouza vyeti kama bidhaa za dukani. Nawe fikiri: daktari wa namna hiyo akikosea, nani hulipa gharama ya kosa? Si chuo, wala si daktari, ni mgonjwa.

Mwaka 1875 jimbo la Michigan lilichukua njia nyingine. Baraza la jimbo lilikubali kutoa fedha za umma, na chuo cha meno kikafunguliwa mjini Ann Arbor ndani ya Chuo Kikuu cha Michigan. Hicho kilikuwa chuo cha kwanza cha meno katika chuo kikuu cha jimbo, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Jonathan Taft. Tangu siku hiyo mkulima aliyelipa kodi alikuwa na haki ya kuuliza: fedha yangu yanifaa nini, nami sisomi wala mwanangu hasomi huko?

Jibu lina sehemu tatu. Kwanza, chuo cha umma humfunza daktari kwa kipimo cha ujuzi, si kwa kipimo cha mfuko. Katika mwaka 1890 alihitimu hapo Ida Gray, yatima aliyelelewa Cincinnati, akawa mwanamke wa kwanza mweusi katika Marekani kupata shahada ya udaktari wa meno. Pili, chuo hutibu. Mwanafunzi hawezi kujifunza kwa vitabu peke yake. Lazima atibu watu, huku mwalimu amesimama kando akimwangalia. Hivyo mtu wa pato dogo hupata matibabu kwa bei nafuu, na mwanafunzi hupata mazoezi.

Sehemu ya tatu ni uchunguzi, nayo yatuhusu sisi kwa karibu. Mwaka 1901 daktari mmoja wa meno, Frederick McKay, alifika Colorado Springs akakuta watoto wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Alitafuta sababu miaka mingi. Mwaka 1931 ikabainika kwamba sababu ilikuwa floridi, madini yaliyomo katika maji ya kunywa. Yakizidi, huharibu rangi ya jino. Yakiwa kidogo, hulikinga lisioze. Mwezi wa Januari 1945, mji wa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, ulianza kutia floridi kidogo katika maji yake, na Chuo Kikuu cha Michigan kikashiriki kuyachunguza meno ya watoto kwa miaka kadhaa. Miongoni mwa waliozaliwa baada ya hapo, kuoza kwa meno kulipungua kwa zaidi ya asilimia 60. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu uliweza kuzibwa kwa sababu walikuwako watu waliolipwa kutafiti, si kung'oa tu.

Sasa tazama kwetu. Katika Bonde la Ufa, maji ya visima vingi yana floridi nyingi kupita kiasi, na watoto wengi huko wana meno ya kahawia. Wengine huficha vinywa vyao wanapocheka, wakidhaniwa kuwa hawasafishi meno. Kumbe kosa si lao. Ni la maji. Elimu hiyo peke yake yaweza kumwondolea mtoto aibu.

Kenya nayo ilianza kufunza madaktari wa meno mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kabla ya hapo, Mkenya aliyeitaka shahada hiyo ilimbidi aende ng'ambo.

Basi, msomaji, chuo cha umma hujengwa kwa fedha za wengi, wengi wao wasioingia kamwe darasani mwake. Ukipata bahati ya kusoma katika chuo cha namna hiyo, kumbuka kwamba umekopeshwa. Mdai wako ni yule aliyekesha usiku kucha ameshika shavu, na hakuwa na pa kwenda.