Mahadhi ya Kuazima: Zilizopendwa za Mombasa na Tatizo la Nakala

Kabla ya kuzisikiliza nyimbo zenyewe, inafaa neno zilizopendwa litazamwe kisarufi. Ni kitenzi katika kauli ya kutendwa, chenye kiambishi cha wakati uliopita pamoja na kirejeshi. Hutaja kitu kilichopendwa, kikanyamaza kuhusu aliyekipenda. Watanzania aghalabu huangusha kirejeshi wakasema zilipendwa, na hilo ndilo jina ambalo wasanii wa WCB waliupa wimbo wao wa mwaka 2017. Nchini Kenya umbo refu ndilo lililoshika, hasa kwa njia ya redio. Kwa vyovyote vile mtendaji hatajwi. Tena wakati uliopita unadai kwamba mapenzi hayo yamekwisha, ilhali neno lenyewe hutumiwa na watu ambao bado wanapenda. Mkanganyiko huu mdogo wa sarufi unabeba tatizo ambalo uhakiki wa nyimbo za pwani haujalikabili vya kutosha: mtu wa Mombasa hutamani nini hasa anapoutamani muziki wa miaka ya 1970, maadam sehemu kubwa ya muziki huo, tangu mwanzo wake, ilikuwa nakala ya muziki wa watu wengine?

Makupa ni mahali panapofaa kuulizia swali hilo. Hapa ndipo kisiwa kinaposhikana na bara kwa upande wa Changamwe. Zamani kwa tuta lililojazwa baharini, na tangu mwaka 2022 kwa daraja jipya. Barabara ya Jomo Kenyatta huanzia hapa kuteremkia Mwembe Tayari, na Majengo ipo ubavuni. Upande wa pili wa kisiwa, Mji wa Kale unatazama bandari ya majahazi. Kaskazini lipo daraja la Nyali, ambalo hadi mwaka 1980 lilikuwa daraja la kuelea, nalo ndilo njia ya kwendea mahoteli ya pwani ya kaskazini. Msikilizaji wa Makupa katika miaka ya 1970 alikuwa njiapanda kwa maana halisi. Filamu za Kihindi zilikuwa zimekwisha kuwa mazoea ya mji. Dansi ya Nairobi na ya Kongo ilishuka kutoka bara. Na nyimbo laini za Kiingereza, za akina Jim Reeves na ABBA na Boney M, zilitoka redioni na katika kumbi za mahoteli. Hakuna hata mojawapo ya mikondo hii iliyokuwa ya kisiwa peke yake.

Wahakiki wengi wameuchukulia wingi huo kuwa udhaifu. Hoja yao hujulikana hata kabla haijatolewa: anayeimba kwa mahadhi ya mwingine hana chake, na nguo ya kuazima, kama wasemavyo wahenga, haisitiri matako. Methali ni nzuri, lakini hapa imetumiwa pasipo pake. Katika mapokeo ya ushairi wa Mvita mahadhi hayajapata kuwa nguo ya mtu mmoja. Utenzi hughaniwa kwa mahadhi ambayo msikilizaji anayajua tayari, na mahadhi yale yale yakabeba tenzi nyingine kadha wa kadha. Kasida za maulidi vivyo hivyo. Beni, ambayo Terence Ranger aliifuatilia katika kitabu chake cha mwaka 1975, ilianzia katika miji hii ya pwani kwa kuiga bendi za tarumbeta za wanajeshi wa Kizungu, na ndani ya uigaji huo vijana wa mitaa wakatia mashindano yao, kejeli zao na siasa za kwao. Kinachoitwa nakala kilikuwa chombo cha kutungia.

Ushahidi ulio mzito zaidi ni wa Juma Bhalo. Alizaliwa Malindi mwaka 1942, akaimba Mombasa kwa miongo kadha, akatangaza kustaafu mwaka 2007 na kufariki mwaka 2014. Nyimbo zake nyingi zilitumia mahadhi ya filamu za Kihindi, wala jambo hilo halikufichwa. Wapenzi wake waliijua filamu na pengine waliiona sinema kabla ya kuusikia wimbo. Mengi ya maneno aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, yule yule ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita, iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, ilichapishwa mwaka 1971. Hapa pana kichekesho kidogo kinachostahili kuwaudhi wanafunzi wa fasihi. Mashairi ya mtu huyu yakiwa kitabuni yalipokewa kuwa fasihi, yakachambuliwa vina na mizani. Maneno ya mtu huyo huyo yakiwa kandani, juu ya mahadhi ya Bombay, yaliitwa burudani na kuachiwa wauza kanda.

Ilhali kazi ya kutunga kwa mahadhi ya filamu ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Shairi la kawaida lina mizani 16 katika mshororo, nane kwa nane, na vina vyake kati na mwisho. Lahani ya filamu haikukatwa kwa kipimo hicho. Ina vipande vifupi na virefu, ina mahali ambapo sauti hunyamaza ili ala zijibu, ina silabi moja iliyovutwa hata ikala nafasi ya nne. Mtunzi hana budi kuchagua: ama atafute bahari inayokaribiana na lahani, ama akirudie kipande, ama airefushe irabu ya mwisho mpaka pengo lizibike. Zaidi ya hayo, sentensi ya Kiswahili hubeba maana yake katika viambishi vya mwanzo wa kitenzi, hivi kwamba lahani ikivuta silabi isiyofaa, aliyetendwa aweza kusikika kuwa ndiye aliyetenda. Kwamba nyimbo hizi zilieleweka barazani, zikarudiwa na kujibiwa, ni dalili kuwa mtihani huo ulipitwa. Na zilieleweka kwa Kimvita, lahaja isemayo mato pale ambapo shule ilifundisha macho, na kuteka pale ambapo kitabu kiliandika kucheka. Lahani ilikuwa ya kigeni kabisa. Maneno yalikuwa ya mtaani kuliko ya kitabu chochote cha shule cha wakati ule. Andrew Eisenberg, katika kitabu chake cha mwaka 2024 kuhusu sauti za ng'ambo katika muziki wa Waswahili wa Kenya, ameonyesha jinsi ukaribishaji huu wa milio ya mbali ulivyokuwa njia ya Waswahili kujitambua. Lililobaki kwa mhakiki wa fasihi ni kuingia ndani ya maneno yenyewe.

Nyimbo laini za Kiingereza zilifuata mwendo tofauti. Mombasa ilitoa waimbaji walioimba kwa lugha hiyo kwa ufasaha, na Slim Ali, akiwa na kundi la Hodi Boys, ndiye aliyevuma zaidi katika miaka ya 1970 kwa nyimbo za soul, za wengine na zake mwenyewe. Wanamuziki wa mahoteli nao walipiga kopi, kama walivyoliita jambo hilo wenyewe, kwa sababu mgeni aliyelipia chumba alitaka kusikia alichokizoea kwao. Katika kopi ya namna hii maneno hayabadilishwi. Sifa ya mwimbaji ni kufanana. Basi uigaji wa Bhalo na uigaji wa hotelini, ambao wahakiki wameutia katika kapu moja, unapingana kiini chake: mmoja huchukua mahadhi na kuyatupa maneno, mwingine huyashika maneno pamoja na lafudhi yake. Mmoja una hadhira inayojua lugha, mwingine una hadhira inayolipa.

Kisa cha “Malaika” kinaonyesha kinachotokea wimbo unapotoka upande mmoja kwenda wa pili. Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliurekodi na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuurekodi tena katika studio ya Equator Sound. Kuhusu aliyeutunga, ugomvi haujakwisha. Wapo wanaomtaja Adam Salim, wapo wanaomtaja Grant Charo. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965. Mwaka 1967 ulirekodiwa Sweden na Hep Stars, kundi ambalo mpiga kinanda wake, Benny Andersson, baadaye alikuwa mmoja wa wanne wa ABBA. Boney M waliutoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo akautia katika albamu yake ya mwaka 1991. Kijana wa Majengo aliyecheza nyimbo za ABBA mwaka 1976, akidhani kwamba anasikiliza kitu cha mbali kabisa, alikuwa anamsikiliza mtu ambaye vidole vyake vilikwisha kupita juu ya lahani ya Kiswahili. Ni ajali ya historia tu, lakini inatosha kuitilia shaka picha ya Ulaya inayotoa na Afrika inayopokea.

Lakini maneno yalipata hasara. “Malaika” ni lalamiko la mtu asiye na mali ya kuolea. Ndani ya hadhira ya Kiswahili, hilo ni suala la mahari, la wazee wa mke, la mshahara wa mjini usiotosha. Wimbo una uchungu wa kitabaka. Kadiri ulivyosafiri, uchungu huo uliyeyuka, kukabaki upole wa lahani na jina la kupendeza. Ndiyo maana wimbo unaosema kwamba ndoa imeshindikana hupigwa arusini bila mtu kushtuka. Fadhili William mwenyewe alifariki mwaka 2001 baada ya kuishi muda mrefu na mgogoro wa haki za wimbo huo.

“Jambo Bwana” ulianzia pale ambapo “Malaika” iliishia. Them Mushrooms, kundi la ndugu wa ukoo wa Harrison lililoanzishwa mwaka 1972, walipiga katika mahoteli ya pwani, wakaurekodi wimbo huo mwaka 1980. Haukupoteza hadhira yake ya Kiswahili. Ulitungwa kwa ajili ya hadhira nyingine. Hakuna mtu wa Makupa anayemwamkia jirani yake kwa jambo tupu. Atasema hujambo, au salamu alekum, au shikamoo kwa aliyemzidi umri. Na akitaka kumtuliza mwenzake, atamwambia hapana neno. Maneno ya wimbo ni Kiswahili sahihi, lakini ni Kiswahili kilichopunguzwa viambishi vyake ili kiweze kushikwa na mgeni wa wiki mbili. Kulaumu si lazima. Mtunzi aliisoma hadhira yake barabara, kama Bhalo alivyoisoma yake, na ufundi wa kuandika wimbo ambao mtu asiyejua lugha aweza kuuimba usiku wa kwanza si haba. Boney M walitoa toleo lao mwaka 1983. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya The Lion King yenye wimbo mwingine uliojengwa juu ya fungu la maneno hakuna matata, na mwaka 2003 fungu hilo likasajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya mavazi. Mwaka 2018 watu wengi walitia saini kulipinga jambo hilo.

Tofauti na mapokeo ya zamani inaonekana hapo wazi. Katika Mvita ya utenzi na kasida, mahadhi yalikuwa ya wote, na sifa ya mtunzi ilikuwa katika maneno. Katika biashara ya nyimbo maneno hupunguzwa hadi yatoshe kwenye fulana, kisha mabaki hayo yakawa mali. Mhakiki anayemshitaki Bhalo kwa wizi wa lahani, huku akiuita “Jambo Bwana” wimbo asilia kwa sababu lahani yake haina mwenyewe mwingine, ametumia mizani ya sheria ya hakimiliki kupimia ushairi. Mizani hiyo ina kazi yake mahakamani, na Fadhili William angefaidika nayo kama ingefanya kazi mapema.

Them Mushrooms walihamia Nairobi mwaka 1987, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walizipiga upya nyimbo za kale, zikiwemo za Fundi Konde, mzee wa pwani aliyezaliwa mwaka 1924 na ambaye alirudi kusikika kwa njia hiyo kabla ya kufariki mwaka 2000. Kundi lililowatungia wageni wimbo wa kukumbukia Kenya ndilo lililowapigia wenyeji nyimbo za kujikumbukia. Katika mapigo hayo mapya gitaa limesafishwa na mwendo umenyoshwa, lakini maneno yameachwa yalivyo, na msikilizaji wa rika la miaka ya 1970 huyaimba hadi mwisho bila kusita. Kuhusu nyimbo za Bhalo, wengi wa rika hilo hawakumbuki tena jina la filamu wala la mwimbaji wa Kihindi. Ubeti wanaukumbuka, na fumbo lake, na mtu aliyedhaniwa kuwa ndiye aliyefumbiwa. Mengi ya hayo yamo katika kanda zilizouzwa na maduka kama Mbwana Radio Service. Na utepe wa kanda huchakaa, ukaanza kulika katika sauti za juu, mahali ambapo konsonanti za Kimvita hutofautishwa.