Kupanda zamu katika uteuzi wa wachezaji: Je, gharama yake hulipa?

Tuseme mnunuzi wa samaki ufukweni Minago, kwenye mwambao wa Rumonge nchini Burundi, ni wa 12 katika foleni ya kusubiri mitumbwi. Ili asogee hadi nafasi ya tatu na kuwahi mukeke bora, anamwachia mwenzake zamu yake ya leo, ya kesho na ya kesho kutwa. Amepata au amepoteza?

Swali hilo hujitokeza kila mwaka katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani.

Uteuzi hufanyikaje?

Katika NFL, chipukizi hachagui timu. Timu ndizo humchagua, kwa zamu, katika raundi saba. Timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliotangulia hupewa zamu ya kwanza. Hata hivyo, zamu huweza kubadilishwa, zikiwemo za miaka ijayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, timu ya Dallas Cowboys chini ya kocha Jimmy Johnson ilianza kutumia jedwali la alama: zamu ya kwanza alama 3,000, ya tatu 2,200, ya 12 alama 1,200. Jedwali hilo likawa kipimo cha ligi nzima.

Wachumi Cade Massey na Richard Thaler, ambaye alitunukiwa Nobel mwaka 2017, walibaini kwamba timu hulipa kupita kiasi ili kutangulia. Mchezaji aliyechaguliwa mapema humzidi anayemfuata katika nafasi hiyo hiyo ya uchezaji kwa uwezekano wa takriban asilimia 52 tu.

Mifano miwili

Mwaka 2017, Kansas City Chiefs walipanda kutoka zamu ya 27 hadi ya 10 na kumchukua Patrick Mahomes. Walitoa zamu mbili za ziada, mojawapo ikiwa ya raundi ya kwanza ya mwaka 2018.

Mwaka 2021, San Francisco 49ers walipanda kutoka ya 12 hadi ya tatu kwa kutoa zamu mbili za raundi ya kwanza za miaka iliyofuata, na moja ya raundi ya tatu. Walimchagua Trey Lance, aliyeanza mechi nne pekee kabla ya kuhamishiwa Dallas mwaka 2023.

Timu hizo zilikutana katika fainali ya Februari 2024. Mahomes alishinda. Aliyeiongoza San Francisco alikuwa Brock Purdy, mchezaji wa 262 na wa mwisho kuteuliwa mwaka 2022.

Kipimo cha haki

Kwa hiyo, kupanda zamu hakupimwi kwa ubora wa aliyechaguliwa peke yake, bali pia kwa wale ambao timu ilijinyima nafasi ya kuwachagua.

Tena, orodha haioni kila kipaji. Bernard Kamungo alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako Warundi wengi pia wamepata hifadhi. Ligi ya soka ya Marekani, MLS, nayo ina uteuzi wake, lakini Kamungo hakuupitia: aligunduliwa katika majaribio ya wazi huko Texas. Januari 2024 aliichezea timu ya taifa ya Marekani, bila timu yoyote kutoa zamu hata moja kwa ajili yake.