Mtambo wa simu wa ofisi: laini ngapi zaweza kufuatiliwa kwa mpigo?

Msimamizi wa simu katika kliniki anaangalia kioo cha kompyuta yake. Taa sita ni nyekundu, rekodi zinaingia, mambo shwari. Dakika hiyo hiyo mama mwenye mtoto anayechemka kwa homa anapiga nambari ya kliniki na kuambiwa laini zote zinatumika. Kioo hakimwonyeshi mama huyo. Simu yake haikufika kwenye mtambo. Ilirudishwa na kampuni ya simu kabla ya kuingia.

Hilo ndilo jambo ambalo wauzaji wa mitambo hii hawalisemi kwa sauti. Programu hufuatilia simu zilizoingia tu. Kampuni ya simu hukuuzia idadi maalumu ya chaneli. Laini ya E1, kwa mfano, ina nafasi 32, na 30 kati ya hizo ndizo za mazungumzo. Mtu wa 31 hana pa kupita, hata kompyuta yako iwe na nguvu kiasi gani. Laini za SIP zinazopita kwenye intaneti nazo huuzwa kwa hesabu ya simu zinazoweza kwenda pamoja.

Basi ofisi inunue ngapi? Hesabu hii ina zaidi ya miaka mia. Aliyeifanya ni A. K. Erlang, Mdenmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, na kanuni yake aliichapisha mwaka 1917. Tuseme kliniki inapigiwa simu 120 kwa saa, kila moja ikichukua wastani wa dakika tatu. Hizo ni dakika 360 ndani ya saa moja, yaani wastani wa simu sita zinazoendelea kwa pamoja. Wengi wakifika hapo hununua chaneli sita na kwenda zao. Kwa kanuni ya Erlang, mpigaji mmoja kati ya wanne hivi atakosa nafasi. Ukiwa na chaneli 10, wanaokosa ni kama wanne kwa mia. Ukifika 12, ni mmoja kwa mia. Wastani ni wastani tu: watu hawapigi simu kwa zamu kama wanaochota maji kisimani.

Na hata kanuni hiyo inadhani kila mtu anapiga kwa shida yake mwenyewe, bila kuhusiana na mwenzake. Usiku wa kungoja mwezi kuandama si hivyo. Mji mzima unauliza swali moja katika nusu saa ile ile. Ajali ya basi ni vivyo hivyo. Anayepanga laini za dharura kwa kutazama siku za kawaida atawapoteza wapigaji siku ambayo anahitajika zaidi.

Ili kuwajua waliorudishwa mlangoni, iombe kampuni ya simu ripoti ya simu zilizokataliwa, kisha uilinganishe na saa ambazo chaneli zako zote zilikuwa zimejaa. Kioo cha ofisini hakitakupa hesabu hiyo.

Sasa tuingie ndani ya mtambo. Unaotumika sana ni Asterisk, programu ya bure iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999. Watu huuliza inabeba simu ngapi, kana kwamba ni lori lenye tani zake. Jibu hutegemea unaitaka ifanye nini. Ikiwa kazi yake ni kuunganisha tu, mara nyingine simu mbili zaweza kupelekeana sauti moja kwa moja na mtambo ukakaa kando. Ukitaka kurekodi au kusikiliza, sauti yote lazima ipite ndani yake. Kwa kawaida sauti hukatwa vipande 50 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo simu moja yenye pande mbili huulazimu mtambo kupokea vipande 100 na kutuma vingine 100 kila sekunde. Simu 100 ni vipande 20,000. Kwenye mtandao, sauti isiyobanwa, ile ya G.711, hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Na kama upande mmoja unatumia G.711 na mwingine sauti iliyobanwa, mtambo unageuka mkalimani wa kila neno, na hapo ndipo prosesa huchoka haraka.

Rekodi nazo zina uzito. Faili ya kawaida ya WAV huchukua karibu megabaiti 58 kwa saa. Kliniki yetu ya wastani wa simu sita, ikifanya kazi saa kumi, itajaza gigabaiti tatu na nusu kwa siku.

Kuna kikomo kingine kinachowasumbua mafundi kwa sababu hakionekani. Mifumo mingi ya Linux huruhusu programu moja kufungua faili 1,024 tu mpaka ubadilishe mpangilio, na kila simu hutumia kadhaa. Zikiisha, simu mpya zinaanguka ilhali prosesa imetulia na kumbukumbu ipo. Fundi anaangalia, haoni kosa, anawasha upya, mambo yanakwenda mpaka kesho asubuhi.

Taa za kwenye simu za mezani, zile zinazoonyesha nani yuko kwenye laini, hudharauliwa pia. Simu 50 zikifuatiliana zote, mtambo una maombi ya ufuatiliaji kama 2,500 ya kutunza. Simu moja ikilia, ikapokewa, ikakatwa, zimekwenda taarifa karibu 150 kwa ajili ya taa peke yake. Kwangu mimi, karani hahitaji kumulikiwa ofisi nzima. Wenzake watano wanamtosha.

Kusikiliza kuna upande wa haki vilevile. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataza kuweka taarifa za mtu kuliko muda unaohitajika. Mgonjwa anayeeleza maradhi yake aambiwe mwanzo wa simu kwamba anarekodiwa na kwa sababu gani. Kurekodi kila kitu na kukiweka milele kwa kuwa diski ni rahisi ni dhuluma, na ndiko kunakoijaza diski yenyewe.

Kabla ya kufungua laini kwa umma, fundi auzidishie mtambo simu za bandia kwa programu kama SIPp, huku kurekodi kukiwa kumewashwa, aongeze hadi sauti ianze kukatika. Kisha aweke kikomo cha simu chini ya hapo katika mpangilio wa Asterisk, uitwao maxcalls, ili anayezidi akataliwe yeye peke yake bila kuharibu mazungumzo ya walio ndani. Jaribio lifanywe usiku, si Jumatatu saa tatu asubuhi.