Baiskeli, Mzigo na Pumziko: Safari ya Polepole kutoka Azania Front hadi Bagamoyo

Utangulizi

Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya iko desturi ya kusafiri kwa baiskeli bila haraka, mtu akipita kando ya bahari kutoka mji mmoja wa kale hadi mwingine. Nchini Denmark, njia ya kitaifa ya baiskeli namba 1 hufuata pwani ya magharibi na kupita Ribe, mji ulio mkongwe kuliko yote ya nchi hiyo. Ribe si jina geni kwa msomaji wa historia ya Matengenezo, kwa maana ndiko alikokuwa askofu Hans Tausen tangu mwaka 1541, mhubiri ambaye watu wake walimwita Luther wa Denmark. Msafiri anayefika huko kwa baiskeli huona bahari, malisho na kanisa kuu kwa mwendo unaomwezesha kutazama na kutafakari.

Je, desturi ya namna hii yaweza kuwa na maana kwetu? Wako watakaosema kwamba ni anasa ya watu walioshiba, na kwamba katika Dar es Salaam baiskeli ni chombo cha maskini wala si cha matembezi. Katika makala haya hatukusudii kulipuuza pingamizi hilo. Tunakusudia kuonyesha kwamba pwani yetu nayo ina njia yake ya kale, iendayo kutoka ufuko wa Azania Front kupitia Kariakoo hadi Bagamoyo, mwendo wa kama kilomita 70. Tuliifuata njia hiyo kwa baiskeli kwa muda wa siku mbili. Tulichojifunza ni kwamba historia yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ni historia ya watu waliobeba mizigo ya wengine. Mtu atakaye kupumzika katika njia hiyo hana budi kujua anapumzika juu ya jasho la nani.

Kutoka ufukoni hadi Mnazi Mmoja

Tulianzia penye mwanzo wa Ulutheri mjini. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, naye akafariki mwaka 1870 kabla ya kuukamilisha. Mwaka 1887 alifika mmisionari Johann Jakob Greiner, ambaye alitumwa na shirika la misioni lililokuwa limeundwa Berlin mwaka uliotangulia. Mwaka 1891 serikali ya Wajerumani ilihamisha makao yake makuu kutoka Bagamoyo, na kati ya 1898 na 1902 likajengwa kanisa ambalo leo ni Kanisa Kuu la Azania Front, likitazama bandari. Yatupasa kukiri jambo moja waziwazi: kanisa letu lilizaliwa upande wa mji ambao watu waliuita Uzunguni.

Tukipanda kutoka ufukoni twafika kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Aliye juu ya jiwe ni askari mwenye bunduki. Wapagazi wa vita nao wametajwa, lakini katika maandishi ya chini tu. Mwenye kupita ndani ya gari huona bunduki. Ni yule ashukaye kwenye baiskeli na kuinama asome ndiye akutanaye na mpagazi.

Mbele yake uko uwanja wa Mnazi Mmoja. Leo ni mahali pa mikutano na pa kumbukumbu ya Uhuru, lakini katika mipango ya Wajerumani na kanuni za Waingereza baada yao, nafasi hiyo iliachwa wazi ili iwe mpaka. Upande wa bahari walikaa Wazungu, katikati Wahindi, na ng'ambo ya uwanja Waafrika. Kwa baiskeli uwanja huo huvukwa kwa dakika chache, ilhali kwa muda wa kizazi kizima upana wake ulikuwa mkubwa kuliko vipimo vyake.

Kariakoo, mji wa wapagazi

Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916. Katika eneo lililokuwa limepangwa kuwa makazi ya Waafrika waliweka kambi ya kikosi cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wa mjini walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, nalo likawa Kariakoo. Hivyo mahali panapojulikana kwa biashara kuliko pote nchini pamepewa jina na watu waliobeba mizigo, ambao wengi wao hawakuwa na hiari.

Idadi ya wapagazi waliokufa katika vita hivyo upande wa Waingereza ilizidi 40,000 kwa hesabu zao rasmi, na wanahistoria wengi wanakubali kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi sana. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa, wakiwa wamebeba chakula ambacho hawakukila. Makaburi yao hayajulikani. Yaliyobaki ni jina la soko.

Jengo la chuma ambalo Wajerumani walilisimamisha hapo kabla ya vita lilianza kutumika kama soko mwaka 1923. Soko jipya, lililobuniwa na msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli na kujulikana kwa paa lake lenye umbo la miavuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Nalo likapatwa na moto mwezi Julai 2021. Katika mitaa inayolizunguka msomaji wa historia hupata somo kwenye vibao: Mtaa wa Nyamwezi, Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Livingstone. Chini ya vibao hivyo hupita guta la magurudumu matatu likiwa na shehena ya vitambaa, na mkokoteni wenye magunia ya viazi, na mwanamume anayepiga mluzi ili apishwe. Jina la Kariakoo halijapitwa na wakati hata siku moja.

Baiskeli nayo ina historia

Hapa twapaswa kujiuliza juu ya chombo tulichokipanda. Baiskeli ya namna tuijuayo, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo, ilitokea Uingereza mwaka 1885. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la mpira lililojazwa hewa, na katika miaka ya 1890 watu wa Ulaya na Marekani wakaingia katika furaha kubwa ya kutembea kwa baiskeli mashambani na pwani. Furaha hiyo ilihitaji mpira. Sehemu ya mpira wa miaka hiyo ilitoka katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji tangu 1885 hadi 1908. Huko wanakijiji walilazimishwa kwenda msituni kugema mpira, wake zao wakashikwa mateka, na mikono ya watu ikakatwa. Wamisionari walikuwa miongoni mwa waliopeleka habari hizo Ulaya.

Hatusemi kwamba kila aliyepanda baiskeli siku zile alikuwa na hatia ya damu. Twasema kwamba matembezi ya starehe ya upande mmoja wa dunia yaliwahi kulipiwa na mabega na mikono ya upande mwingine, na kwamba wengi wa waliotembea hawakuuliza.

Baiskeli ilipofika kwetu ilipata kazi nyingine. Ilimbeba karani, mwalimu, mwinjilisti na mwanasiasa wa kudai uhuru. Katika sharika nyingi za Kilutheri mwinjilisti aliyepewa baiskeli aliweza kufikia mitaa ambayo kabla ya hapo aliifikia mara chache kwa mwaka. Taifa lilipojaribu kujitegemea kwa viwanda lilitengeneza hata baiskeli zake, nazo ziliitwa Swala. Lakini hasa baiskeli ilirithi kazi ya mpagazi. Samaki, nazi, maziwa, mkaa na kuni vilihama kutoka kichwani na begani na kupandishwa juu ya keria.

Njia ya kaskazini

Tulitoka Kariakoo kupitia Barabara ya Morogoro, ambako tangu mwaka 2016 hupita mabasi ya mwendokasi. Kando ya njia ya mabasi zilijengwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Lakini mara nyingi tulizikuta zimejaa biashara na pikipiki, tukalazimika kushuka na kukokota. Jina lenyewe, mwendokasi, latuonyesha jiji linatamani nini. Hatulaumu, maana mfanyakazi anayeamka alfajiri ana haki ya kufika mapema. Twaona tu kwamba katika jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, aendaye polepole amebakiwa na nafasi ndogo mno.

Baada ya Mwenge tulielekea kaskazini, tukapumzika Kunduchi, penye magofu ya msikiti na makaburi ya Waswahili wa kale. Nguzo za makaburi hayo zilipambwa kwa vyombo vya kauri vilivyotoka Uchina, ushahidi kwamba pwani hii ilikuwa na mji, ibada na biashara ya mbali kabla ya meli ya kwanza ya Wajerumani. Baadaye tukavuka Mto Mpiji na kuingia Mkoa wa Pwani. Hapo minazi na mikorosho huongezeka, na upepo wa bahari humfikia msafiri kabla hajaiona bahari yenyewe.

Katika kilima kimoja kabla ya Kerege tulikutana na kijana aliyesukuma baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa, akielekea tulikotoka. Alikuwa ameinama kiasi cha kutouona uso wake. Alisimama, akaegemeza mzigo kwenye gongo, akatuamkia.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, kijana wetu. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Mnapeleka nini Bagamoyo?"

Tulimjibu kwamba hatupeleki kitu, tunatembea tu. Alizitazama baiskeli zetu zisizo na mzigo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, heri yenu. Mfike salama." Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na kwa sababu hiyo maneno yake yalitulemea zaidi. Tulimsaidia kusukuma hadi juu ya kilima, kazi ya dakika chache ambayo ilituacha tukihema, naye akashukuru na kuendelea. Tulikuwa tumemwondolea sehemu ndogo sana ya njia yake.

Siku ya pili tulifika Kaole, penye mabaki ya msikiti wa karne ya 13, mikoko ikiwa imeota kati yake na bahari, na kisha Bagamoyo. Mji huu ulikuwa mlango wa misafara ya Tabora na Ujiji. Mpagazi wa msafara, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba ratili 60 hadi 70 kwa miezi kadhaa. Hapa ndipo Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misioni yao mwaka 1868 na kuwakusanya watumwa waliokombolewa. Na hapa ndipo mwezi Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulipofikishwa na Chuma, Susi na wenzao, waliokuwa wameubeba kwa miezi mingi kutoka ndani ya bara. Livingstone alizikwa London kwa heshima kuu. Waliombeba, wengi wao, walilipwa ujira wao na kutawanyika.

Hitimisho

Tumeona basi kwamba Bagamoyo na Kariakoo ni ncha mbili za njia moja: mpagazi wa msafara, mpagazi wa vita, na kijana wa mkaa. Je, ni halali kutembea kwa starehe katika njia kama hii?

Amri ya siku ya pumziko yatusaidia kujibu. Katika Kutoka 20 sababu ya pumziko ni kwamba Mungu alipumzika baada ya uumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni nyingine: Israeli wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, na kwa hiyo mtumwa wao apumzike kama wao wenyewe. Luther naye, katika Katekisimu Kubwa ya 1529, asema kwamba siku hiyo yahitajika kwanza kwa ajili ya mwili, hasa kwa watumishi na wajakazi waliofanya kazi juma zima. Pumziko basi si anasa, na kulipenda si dhambi. Dhambi ni kulifanya mali ya wachache na kumsahau aliyeubeba mzigo.

Mtume Paulo, katika Wagalatia 6, atumia maneno mawili ya Kiyunani. Katika mstari wa 2 yako mizigo mizito, baros, ambayo yapasa kuchukuliana. Katika mstari wa 5 uko mzigo wa kila mtu mwenyewe, phortion. Na hilo ndilo neno ambalo Bwana alilitumia katika Mathayo 11:30 aliposema kwamba mzigo wake ni mwepesi. Magunia matatu ya mkaa kwenye kilima ni baros. Hayo si ya mtu mmoja.

Kwa hiyo twawashauri wanafunzi wa vyuo vyetu waifuate njia hii kwa baiskeli, polepole, wakiwa na daftari. Waone bahari na kuifurahia, kwa kuwa ni kazi ya Mungu. Wasome maandishi ya chini ya sanamu. Wauliize mji jina lake ulilipata kwa nani. Na wakikutana na mwenye mzigo kwenye kilima, washuke.