Siti binti Saad na Safari ya Bombay ya 1928

Sisi tufundishao Kiswahili Rusizi, karibu na bwawa la umeme la Rusizi II, huulizwa na wanafunzi swali moja mara kwa mara. Mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950 anawahusu nini watu wa mpakani, ambao Kiswahili chao wamekisikia kwanza sokoni Kamembe na ng'ambo ya mto, Bukavu? Swali ni la haki. Jibu lake limo katika safari moja ya baharini.

Lakini kabla ya kumfikia Siti, na tumtazame msafiri mwingine. Mwanzoni mwa karne ya ishirini hapakuwa na mwigizaji wa kike aliyevuma duniani kama Sarah Bernhardt wa Ufaransa (1844–1923). Alizunguka Ulaya na Marekani, akafika hata Australia. Mwaka 1906, aliponyimwa majumba ya michezo huko Texas, aliigiza ndani ya hema. Alikatwa mguu mwaka 1915 na bado hakuliacha jukwaa. Hata hivyo, popote alipokwenda aliigiza kwa Kifaransa, na wengi waliolipa kiingilio hawakuelewa alilosema. Walikuja kumwona yeye.

Safari ya Siti ilikuwa kinyume cha hiyo. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akivinadi kwa sauti, na inasemekana sauti hiyo ndiyo iliyoanza kumtambulisha. Yapata 1911 alihamia mjini, akafundishwa uimbaji na wanamuziki wa huko. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata kwa kazi yake.

Taarabu aliyoikuta mjini ilikuwa imelelewa katika jumba la kifalme tangu zama za Sultani Barghash (1870–1888), nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti alijifunza nyimbo hizo pia. Ila umaarufu wake aliupata kwa Kiswahili, katika nyimbo zilizotungwa juu ya mambo ambayo watu wa Ng'ambo waliyajua: wivu, fitina, mahakama. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji akatoroka, na walioadhibiwa wakawa wale waliotoa ushahidi. Mtu asiyejua Kiswahili angesikia sauti nzuri tu, na kiini cha wimbo kingempita.

Mwezi Machi 1928 Kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilimchukua Siti pamoja na wapigaji wake hadi Bombay, Bara Hindi, kurekodi nyimbo. Sababu ilikuwa ya kibiashara. Mwenye kununua santuri hutaka sahani za kuchezea, na mnunuzi wa Afrika Mashariki alitaka kusikia lugha yake. Siti na wenzake wakawa miongoni mwa wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwa ajili ya soko. Sahani hizo zilibeba nembo ya mbwa anayesikiliza santuri, na maandishi ya Kiingereza yenye maana ya “Sauti ya Bwana Wake”. Mtoto aliyeitwa Mtumwa, katika kisiwa ambacho utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, akauzwa chini ya maneno hayo! Sidhani kama kuna aliyekusudia kejeli hiyo.

Sasa tufikirie chumba chenyewe cha kurekodia. Nyumbani, wimbo wa taarabu ulikwenda taratibu; wasikilizaji walitunza fedha, wakaitikia, beti ikarudiwa kwa kuwa fulani ameguswa nayo. Bombay hapakuwa na arusi wala mtunzaji. Kilichokuwapo ni kipaza sauti, na sahani iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ambayo upande wake mmoja ulimeza takriban dakika tatu tu. Wimbo mrefu ulilazimika kupunguzwa au kugawanywa. Wasikilizaji halisi walikuwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na wangemsikia baada ya sahani kupigwa chapa na kusafirishwa kwa meli. Bernhardt alikuwa na watu mbele yake wasioijua lugha yake; Siti alikuwa na lugha, na watu wake hawakuwapo.

Hapo ndipo wanafunzi wetu wanapoingia. Baada ya 1928 msikilizaji wa Siti hakulazimika kuwa Unguja. Kiswahili cha kuimbwa kiliweza kufika palipo na santuri, bila mwimbaji kupanda chombo.

Shaaban Robert alimwandikia wasifu, kitabu kinachofaa kusomwa darasani kwa lugha yake hata kama mtu hapendi muziki. Lakini ningewashauri walimu waanze na sauti, kwani baadhi ya nyimbo hizo zimetolewa upya na zinapatikana. Wanafunzi wasikie kwanza, waandike maneno waliyoyatambua na yaliyowashinda, kisha wayalinganishe na Kiswahili cha Bukavu. Wimbo ukikoma ghafla, wapo watakaodhani mashine imeharibika. Waelezeni habari ya zile dakika tatu, kisha waombeni watunge ubeti mmoja ambao huenda haukupata nafasi kwenye sahani.