Kishikio cha simu kwenye pikipiki: kimetoka wapi, na kinatufaa hapa Silibwet?

Wiki hii vijana watatu wa boda hapa Silibwet wameniuliza swali lile lile: ninunue kishikio gani cha simu? Kwa kuwa mimi huandika programu, wanaamini jibu ninalo mfukoni. Ninalo, lakini lazima kwanza turudi nyuma kidogo, maana kifaa hiki (kile wengi hukiita holda) hakikuletwa na kazi ya huku kwetu.

Tuanze na boda yenyewe. Jina lilizaliwa miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Vijana walibeba watu kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, na neno la Kiingereza la mpaka likageuka kuwa "boda". Pikipiki zilifurika Kenya baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa zile ndogo zisizofika 250cc. Mwaka mmoja kabla, Machi 2007, Safaricom ilikuwa imezindua M-Pesa. Mambo haya mawili yakakutana kwa mtu mmoja, na simu ikawa ofisi yake na sanduku lake la pesa. Lakini ilikuwa simu ya vibonye, na makao yake yalikuwa mfukoni, au imebanwa ndani ya helmeti karibu na sikio.

Kilichopandisha simu kwenye usukani ni ramani. Oktoba 2009 Google ilianza kuelekeza madereva kona kwa kona kupitia simu za Android, kwanza Marekani. Mwaka 2014 SafeBoda ikazaliwa Kampala, na 2018 ikaingia Nairobi (iliondoka 2020). Desemba 2017 ramani za Google ziliongezewa njia za pikipiki huko India, na Kenya ikapata 2018. Sasa mwendeshaji wa mjini akawa anapokea kazi kwenye kioo cha simu, anampeleka mtu asiyemjua kwenye mtaa asioujua. Huyo kweli alihitaji simu mbele ya macho.

Halafu ikaja habari ya Septemba 2021. Apple ilitoa onyo kwamba mtetemo wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu kamera ya simu. Sababu yake ni rahisi. Katika simu nyingi za siku hizi lenzi haijakazwa; inaelea, ikisukumwa na sumaku ili mkono wako ukitikisika picha isitikisike. Ukiitetemesha kwa muda mrefu, mfumo huo huchoka na picha hukosa kutulia. Kwa pikipiki ndogo Apple ilishauri kishikio chenye kipunguza mtetemo, na ikasema usiiache hapo muda mrefu kila siku.

Sasa tazama maisha ya boda. Injini ya Boxer ni ndogo, ndiyo, lakini ina silinda moja, na ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hiyo ni mizunguko 100 kila sekunde. Ongeza murram, na ongeza kwamba yuko juu yake kutwa nzima.

Basi jibu langu ni hili. Mwendeshaji wa Silibwet anaijua njia ya Tenwek, ya Bomet mjini, na ya kila kituo cha kupimia majani chai. Hahitaji ramani, anahitaji kusikia simu ikilia, kisha asimame pembeni ajibu. Kwake mfuko wa ndani wa koti unatosha, na mvua yetu haitaifikia. Isitoshe, kanuni za trafiki za 2016 zinatoza shilingi 2,000 ukitumia simu chombo kikiwa mwendoni.

Kama unapeleka vifurushi usikokujua, nunua kishikio, lakini angalia mambo haya:

1. Kibano cha chuma kwenye bomba la usukani, si cha plastiki.
2. Mpira laini kati ya kibano na simu. Huo ndio hupunguza mtetemo.
3. Pembe zote nne zishikwe.
4. Ukichaji kutoka betri ya pikipiki, pitisha umeme kwenye kifaa cha kushusha volti 12 hadi 5, na uweke fyuzi. Mvua ikianza, chomoa.

Na la muhimu kuliko yote: weka usukanini simu kuukuu ya bei ndogo, ifanye kazi ya ramani tu. Ile yenye laini ya M-Pesa ibaki mwilini. Simu ya ramani ikianguka kwenye tope umepoteza kioo. Ile nyingine ikianguka, au ikinyakuliwa, umepoteza wateja, namba zao na mauzo ya siku kwa pamoja.

Haya, safari njema.